Tavoro Anasema Fatu Yuko Kongo

Jumatatu, 4 Septemba 2023

Bonaventura kaondoka. Godoro, jiko la mchina, ndoo mbili, vyote juu ya pikipiki, huyooo Kalinzi. Mwalimu wetu wa pekee wa hisabati! Kidato cha Nne wana mtihani wa taifa Novemba, na mwalimu wao kapandishwa mlimani akafundishe huko. Eti shule yetu haina tena upungufu. Tuna Tavoro.

Tavoro! Kampuni kubwa ya kompyuta, wala sijui makao yake yako nchi gani. Wametuletea vishikwambi vya bure, kila mtoto wa Kidato cha Nne na chake. Laini ndani, bando ndani, hisabati yote ndani. Mradi wa majaribio, shule za serikali zifundishe kwa mtandao. Mtoto anawasha, anatokea mzungu mwenye meno meupe, Kiswahili chake kimetengenezwa na mashine. Leo kafundisha uwiano kwa tiketi za treni ya chini ya ardhi. Kwa watoto wa Ujiji! Treni yetu ya juu ya ardhi yenyewe inafika Kigoma ikijisikia.

Nilimuuliza Mkuu wa Shule, Mwalimu Nikodemu: mtoto asipoelewa amuulize nani? Akasema kuna kitufe cha kuuliza. Halafu akaniteua mimi, mwalimu wa Kiswahili, kuwa msimamizi wa Tavoro, kwa kuwa vipindi vyangu ni vichache. Nilipoguna akasema, Madam Regina, usiwe mtu wa kupinga maendeleo. Haya. Nimesomea ualimu nije kuwa mlinzi wa vioo.

Jumatano, 6 Septemba

Kichwa! Kila mtoto akijibu sawa, kishikwambi kinapiga tarumbeta. Darasa la watoto arobaini. Hesabu mwenyewe.

Omari, mcheshi wa darasa, amegundua ukibonyeza haraka haraka bila kusoma, ukikosea unabonyeza tena, tarumbeta inakuja tu. Tavoro amemtangaza mwanafunzi bora wa wiki. Omari! Aliyeniandikia kwenye insha kwamba Ujiji ni mji mkuu wa samaki.

Na wa mwisho ni nani? Fatu. Fatu anayesoma swali mara mbili, anachora pembeni, anauliza kwa nini. Tavoro anamwandikia "unachelewa, ongeza kasi". Huyu ndiye mtoto aliyekuwa anambana Bonaventura mpaka kengele inalia. Anataka kuwa mwalimu wa hisabati. Nimemwambia, mwanangu, mbona walimu wa hisabati wanahamishwa kama ng'ombe wa mnada? Akacheka tu. Akasema, hata huko wanakohamishiwa si kuna watoto, Madam?



Jumatatu, 11 Septemba

Leo nimekaribia kulirusha lile dude dirishani.

Fatu kaja mbio kabla ya paredi, macho mekundu. Kishikwambi kimejifunga. Maandishi: "Fatu, inaonekana uko Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Huduma hii haipatikani katika eneo lako."

Yuko Kongo! Na yuko mbele yangu, sketi ya shule, magamba ya dagaa bado kwenye kiwiko.

Kila mtu hapa anajua kilichotokea. Siku za giza ndizo hizi, hakuna mbalamwezi, mitumbwi inalala ziwani na taa zake. Alfajiri wanarudi na dagaa, wanawake wako ufukweni Katonga wanawasubiri. Fatu anamsaidia mama yake kuanika kabla ya kuja shule. Wakisubiri mitumbwi anafungua kishikwambi afanye zoezi, maana hapo ndipo penye utulivu. Na ziwa likitulia alfajiri, minara ya Kongo inavuka maji. Simu inaandika karibu Kongo, saa inarudi nyuma saa nzima. Hata simu yangu hunifanyia hivyo nikishuka Katonga alfajiri. Sisi tunacheka, tunaendelea na shughuli zetu. Tavoro hacheki.

Mkuu kasema tatizo dogo, wasiliana na huduma kwa wateja. Tangu lini shule ikawa na wateja?

Leo hisabati Fatu kaangalia kioo cha Ummy, jirani yake wa dawati. Ummy akijibu, kioo kinakwenda mbele, Fatu hajamaliza hata kuandika swali.

Jumanne, 12 Septemba

Huduma kwa wateja haina mtu. Ni mashine inayoitwa Tavi. Inaanza: "Habari Regina! Nifurahi kukusaidia!" Nifurahi! Kipindi changu cha pili kizima nimekaa nikibishana na kitu kisicho na masikio.

Nikaandika, mwanafunzi wangu amefungiwa. Tavi: samahani kwa usumbufu, je, mwanafunzi amesafiri? Nikaandika hapana. Tavi: kifaa chake kimeonekana Kongo siku nne mfululizo. Nikaandika hajaenda Kongo! Tavi: naelewa unavyojisikia, tafadhali eleza uhusiano wa mwanafunzi na eneo hilo.

Uhusiano! Basi hapo damu ikachemka, nikaandika yote kwa pumzi moja. Kwamba Fatu hajawahi kuvuka ziwa hata mara moja. Kwamba mama yake Mwanvua ndiye aliyetoka ng'ambo, alikuja na wakimbizi wa mwaka tisini na sita akiwa binti mdogo, sasa anaanika dagaa Katonga, na mtoto humsaidia alfajiri, ndiyo maana minara inachanganya. Nikamaliza na "MFUNGULIENI MTOTO!" kwa herufi kubwa.

Tavi akajibu papo hapo. "Asante Regina! Maelezo yako yametusaidia sana. Tutasasisha taarifa za mwanafunzi."

Nikashusha pumzi. Nikaenda kunywa chai. Nilijiona nimeshinda!

Alhamisi, 14 Septemba

Mungu wangu.

Kimefunguka. Asubuhi Fatu kaja anacheka, kimefunguka, Madam! Tukakiwasha pamoja mbele ya darasa. "Karibu Fatu katika Programu ya Wanafunzi Wakimbizi." Somo likaanza. Kifaransa! Mwanamke anafundisha uwiano kwa Kifaransa, maana watoto wa Kongo kule kwenye kambi ya wakimbizi Kasulu wanasoma mtaala wa kwao. Darasa likaangua kicheko. Omari akaanza kujibu wii wii. Fatu hakucheka. Aliniuliza taratibu, Madam, huyu anasema nini?

Na si kioo tu. Ujumbe umekwenda kwa Mkuu na kwa ofisi ya elimu ya Manispaa: mwanafunzi huyu ni mkimbizi, amehamishiwa mradi wa kambini Kasulu, shule ikamilishe uhamisho.

Nimerudia kusoma nilichoandika juzi. Mama, mama, mama. Mahali popote sikuandika baba! Baba yake Fatu ni Zubery, Mmanyema wa Ujiji, fundi wa kuziba mitumbwi, babu zake wamezaliwa hapa, amezaliwa hapa, presha ikamuua mwaka juzi na kazikwa hapa. Nani Ujiji hamjui Zubery? Ndiyo maana sikumwandika. Nani anaandika kitu ambacho kila mtu anakijua? Shuleni huyu ni mtoto wa Mwanvua, kwa kuwa Mwanvua ndiye anayekuja vikao vya wazazi.

Mdomo uliponza kichwa. Ila kichwa chenyewe si changu, ni cha mtoto wa watu.

Jumapili, 17 Septemba

Baada ya misa nimekwenda Katonga. Sikutaka asikie kwa mtu mwingine.

Mwanvua alikuwa anageuza dagaa kwenye chanja, kitenge kimefungwa kichwani. Alifurahi kuniona. Karibu Mwalimu, leo umetukumbuka, hebu ngoja nikufungie dagaa wa nyumbani. Nikamwambia dada, acha kwanza dagaa. Nikaeleza.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akikasirika Kiswahili chake cha Fizi, kwao Kongo, kinarudi. Nani alikutumaka, Mwalimu? Nani alikutumaka kuniandika miye? Akaendelea: alipofika hapa alikuwa na miaka kumi na miwili, gauni moja, mdogo wake mgongoni. Kambini wakaandikwa. Kila siku kuandikwa. Chakula kuandikwa, blanketi kuandikwa, kufa kuandikwa. Zubery alipomwoa, akamleta Ujiji kwa ndoa ya msikitini na karatasi zake zote, alimwambia sasa mke wangu hutaandikwa tena. Akamaliza hivyo, akaanza kugeuza dagaa ambao alikwisha kuwageuza.

Nililia. Nisijidanganye, nililia pale pale mbele ya wanawake wa dagaa, na mmoja akanipa ncha ya khanga yake nijifute.

Fatu alikuwa anabeba ndoo. Alikuja akauliza jambo moja tu. Wakinipeleka Kasulu, mtihani nitafanyia wapi? Nikasema hakuna atakayekupeleka Kasulu. Mama yake akanitazama. Akasema, usimwahidi mtoto kitu ambacho hukishiki mkononi.

Akaingia ndani akatoa cheti cha kuzaliwa cha Fatu, kimefungwa kwenye mfuko wa nailoni ndani ya mfuko mwingine. Jina la baba: Zubery. Nimekipiga picha. Hiki hapa kitamaliza maneno.

Jumanne, 19 Septemba

Hakijamaliza.

Nimempigia Faridi, kijana wa Tavoro aliyeko Dar. Ana adabu, hilo simnyimi. Shikamoo mama, pole sana mama, naelewa kabisa mama. Lakini yeye hawezi kugusa taarifa ya mwanafunzi. Hata bosi wake hawezi. Kuna timu ng'ambo, na timu nayo inangoja mfumo. Nikamwambia, mdogo wangu, wewe una macho, cheti nimekutumia, soma jina la baba. Akasema nimelisoma mama. Unaamini? Naamini mama. Basi badilisha! Siwezi mama. Halafu akaongeza, kwa upole kabisa, kwamba taarifa yenyewe ilitoka kwangu.

Nikakata simu nisije nikatukana.

Nikaingiza cheti kwa Tavi. Majibu haya hapa, nayanakili kama yalivyo: "Mzazi Zubery hajajisajili. Tafadhali mwombe mzazi athibitishe kwa simu yake ndani ya siku saba."

Marehemu athibitishe kwa simu yake!

Nilikwenda uani nikakaa peke yangu. Nilitamani nipige kelele, ila Kidato cha Kwanza walikuwa wanafanya jaribio.

Jumatano, 20 Septemba

Mtandao hakuna. Shule nzima hakuna hisabati. Tarumbeta pia hakuna, angalau.

Ijumaa, 22 Septemba

Mkuu kaniita. Fatu abaki nyumbani mpaka "hali itakapokaa sawa". Wageni wa Tavoro wanakuja tarehe tatu, na mtu wa Manispaa. Kwenye ramani ya kampuni shule yetu ina doa jekundu kwa sababu ya mwanafunzi mmoja aliye hapa na huku yuko kambini. Anaogopa. Akasema, Madam, ikionekana naweka mkimbizi mjini bila kibali, nitakayeitwa ni mimi, si wewe.

Nikamwambia Mkuu, wewe ulikwenda kumzika baba yake! Ulishika jeneza!

Akavua miwani akaifuta. Najua, akasema. Mimi najua, ila mfumo haujui.

Sasa hapo mtu unajibu nini? Mtu mzima, mkuu wa shule, anajua, na kujua kwake hakufai kitu. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Nikatoka nikabamiza mlango, na kitasa kikabaki mkononi. Nimekirudisha kimya kimya baada ya chai.

Ummy kapeleka madaftari ya Fatu nyumbani kwao. Kasema alimkuta anafua sare.

Jumamosi, 30 Septemba

Bonaventura kateremka kutoka Kalinzi! Nilimpigia juzi nikamweleza, nikidhani atanipa pole tu. Asubuhi nasikia pikipiki mlangoni kwangu Buzebazeba, yeye huyo na mkungu wa ndizi na boksi la chaki. Twende kwa huyo mtoto, akasema.

Tukafundishia uani kwa Mwanvua, ubao ni mlango wa chumba uliong'olewa. Nilidhani atakuwepo Fatu peke yake. Wakaja kumi na wanne! Omari naye, mwanafunzi bora, akakiri hajui hata uwiano ni nini. Bonaventura kawafundisha uwiano kwa mafuta ya taa na madebe ya dagaa. Asiyeelewa anapiga kelele, mwalimu anarudia. Mwanvua kapika ugali wa muhogo na samaki wa migebuka kwa mawese, hakunisemesha sana, lakini sahani yangu ndiyo aliyoijaza zaidi. Nimeipokea kama msamaha. Labda si msamaha, labda ni heshima ya mgeni tu.

Kuondoka, Bonaventura kaniambia Kalinzi nao wataletewa Tavoro Januari. Nikamuuliza, na wewe je? Akapandisha mabega, akawasha pikipiki.

Jumanne, 3 Oktoba

Naandika hapa ofisini kwa Mkuu. Mlango umerudishiwa. Niandike haraka.

Wageni wamekuja. Faridi, wazungu wawili, na bwana wa Manispaa. Kuta zimepakwa chokaa, watoto wamepangwa, vishikwambi vimefutwa vumbi. Faridi akaeleza kwa fahari: ushiriki wa shule hii ni asilimia mia moja, hakuna mtoro hata mmoja. Asilimia mia! Ukimtoa asiyekuwepo, waliobaki wote wapo. Hiyo nayo hisabati.

Mara hodi. Fatu. Sare imepigwa pasi mpaka inang'aa. Samahani kwa kuchelewa, Madam. Sikumwita mimi! Nje kwenye uwanja alikuwa Mwanvua, kasimama na kitenge chake cha dagaa, mikono kaikunja kifuani, hasogei. Mkuu akanikodolea macho nimkatalie.

Nikasema, ingia mwanangu, kaa.

Bwana wa Manispaa akauliza jina. Fatu akalitaja. Faridi akatazama kioo chake, akatazama Fatu, akatazama tena kioo. Akasema huyu yuko kambini Kasulu. Na mtoto kasimama hatua mbili kutoka kwake! Ummy ndiye aliyesema, kwa sauti, huyu ni Fatu, baba yake si ndiye yule marehemu aliyekuwa anaziba mitumbwi! Na wengine wakadakia, ndiye, ndiye.

Kabla Faridi hajajibu, umeme ukakatika, mtandao ukaenda nao. Vioo vyote vikabaki vinazungusha kile kiduara. Mzungu mwanamke, nadhani alitaka kuokoa mambo, akauliza, Faridi akimtafsiria, kama kuna mtoto anaweza kuonyesha ubaoni walichojifunza. Omari akatazama viatu vyake. Wakatazama wote viatu. Fatu akainuka akachukua chaki.

Aliandika swali la madebe ya dagaa. Mstari wa tatu akakosea. Omari, Omari yule yule, akapiga kelele kosa hilo, gawanya kwanza! Fatu akafuta kwa kiganja, akagawanya, akaendelea. Mzungu alikuwa anatikisa kichwa kwa furaha. Faridi hakutikisa. Alimnong'oneza Mkuu, na Mkuu akanishika mkono akanileta huku.

Kaniwekea karatasi. Nitie sahihi kwamba binti yule si mwanafunzi wetu, aliingia darasani bila ruhusa. Nisipotia, doa linabaki, na Tavoro wanafunga mradi leo, vishikwambi vinaondoka na gari lao. Mkuu hakunifokea, afadhali angenifokea. Alisema, Bonaventura hatarudi, unajua. Watoto thelathini na tisa wakae mwezi mzima bila hisabati kabisa, au huyu mmoja aondoke. Chagua wewe, Madam Regina, mimi nimeshindwa. Kweli kashindwa. Kaenda kuwapa wageni soda.

Nina hasira mpaka mwandiko umepinda. Mimi nichague! Kampuni iko sijui wapi, mashine ndiyo iliyosema, timu ya ng'ambo ndiyo yenye ufunguo, na kalamu mnanipa mimi!

Karatasi iko hapa, tupu pale kwenye mistari ya chini. Namsikia Mkuu kwenye korido anasema mwalimu anamalizia tu. Namsikia Faridi anauliza kama watoto wanaweza kuletwa nje kwa picha ya pamoja. Mkuu anasema ndiyo, kengele ikilia watatoka.

Kengele imelia. Muda sasa. Kutoka darasani namsikia Fatu anasoma swali la pili, na darasa lote linamjibu. Gawanya kwanza. Gawanya kwanza. Faridi anauliza mbona hawatoki. Mkuu anabisha mlango, na karatasi bado haina sahihi yangu.